Mteja Asubiri Hadi Lini?

Mwezi wa Aprili 2022 wateja wa kampuni ya Insteon ya Marekani walishindwa kuziongoza kwa simu taa za nyumba zao. Kompyuta za kampuni zilikwisha zimwa bila ya taarifa. Hayo ni ya ghafla. Ya kila siku ni subira: hitilafu hugunduliwa, programu ya kuirekebisha huahidiwa, miezi hupita, na aliyekwisha kulipa huambiwa angoje. Sisi hatuuoni huo kuwa uungwana wa biashara.

Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji kutaja muda atakaoendelea kutoa marekebisho ya usalama. Hata ukiwa mfupi, lazima autaje. Je, mitambo hiyo ikishushwa bandarini kwetu, wakuu wanaohusika watauliza muda huo?