Fundi Hujifunzaje? Utangulizi wa Utafiti wa Elimu ya Ujenzi

Kuna kosa ambalo kila aliyefanya kazi saitini amelishuhudia. Zege limekuwa zito, mwenye koleo amechoka, mtu anaongeza ndoo ya maji. Zege linalainika na kumwagika kwa urahisi, lakini likishakauka halina nguvu iliyokusudiwa, kwa sababu maji yaliyozidi huacha vitundu ndani yake. Mwanafunzi anaweza kuyaeleza haya vizuri katika mtihani, kisha akafika saitini akanyamaza ndoo ikimiminwa. Watafiti wa elimu ya ujenzi hushughulika na pengo hilo. Wanauliza jinsi watu wa majenzi, kuanzia saidia fundi hadi mhandisi na mkadiriaji majenzi, wanavyojifunza kazi, na ni ushahidi gani utakaotuonyesha kwamba wamejifunza.

Taaluma hii bado ni changa. Nchini Marekani, vyuo vinavyofundisha ujenzi viliunda umoja wao, Associated Schools of Construction, mwaka 1965, nao una jarida lake la utafiti. Nadharia nyingi zimeazimwa kutoka taaluma jirani. David Kolb (1984) alieleza kujifunza kama mzunguko wa kutenda, kutafakari, kujenga dhana na kujaribu tena. Jean Lave na Etienne Wenger (1991) walionyesha kwamba mwanagenzi huanza na kazi ndogondogo za pembeni, kisha husogea taratibu kuelekea kiini cha kazi. Lave alikuwa amewachunguza mafundi cherehani wa Liberia, kwa hiyo nadharia hiyo inayonukuliwa kote duniani ina mzizi katika karakana za Afrika.

Mada zinazovuma leo ni kufundisha kwa modeli za kidijitali za majengo, kutumia uhalisia pepe ili mwanafunzi atambue hatari za kazini bila kuumia, ujenzi unaojali mazingira, na mitaala ya umahiri. Kwetu Afrika Mashariki kuna suala jingine zito: mafundi wengi hawakupita chuoni. Mtafiti Kenneth King aliandika kuhusu mafundi wa Kenya wa namna hiyo tangu 1977. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa anachokiweza, akatunukiwa cheti. Kila upimaji wa aina hiyo ni swali la utafiti. Nani anaamua kwamba ukuta huu umejengwa vyema, na kwa kigezo gani?

Tuirudie ndoo ya maji tuone kila mbinu ya utafiti inatupa nini. Hojaji itatueleza wanafunzi wangapi wanasema kuongeza maji ni kosa. Ni rahisi kuigawa darasani, ndiyo maana imetumika mno, lakini mara nyingi hupima kuridhika na somo kuliko kujifunza kwenyewe. Jaribio lenye makundi mawili, moja likifundishwa kwa njia mpya na jingine kwa njia ya kawaida, laweza kuonyesha kama somo limeleta tofauti, mradi makundi yafanane tangu mwanzo. Mahojiano yatafichua sababu: bosi anaharakisha, au kijana hathubutu kumkosoa fundi aliyemzidi umri. Lakini anayehojiwa husimulia anavyojiona, na huenda mkono wake ukatenda vingine.

Ndipo inapofaa mbinu ya kushiriki kazi yenyewe. Trevor Marchand, msanifu majengo aliyegeukia anthropolojia, alifanya kazi pamoja na wajenzi wa minara ya misikiti huko Yemen, kisha na waashi wa Djenné nchini Mali. Vitabu vyake vya 2001 na 2009 vinaonyesha jinsi ujuzi mwingi unavyopita kwa kutazama, kuiga na kukemewa, huku maelezo ya maneno yakiwa machache. Mbinu hii hula muda, na haiwezi kutuambia hali ya nchi nzima. Kwa hiyo wengi sasa huchanganya: hojaji kwa upana, saiti kwa kina.

Kwa mgeni wa taaluma hii, ushauri wangu ni huu: usianze na mbinu, anza na tendo moja la kazi. Chagua kusuka nondo, kusoma ramani au kupima mchanganyiko wa zege, kisha jiulize mtu anayelijua tendo hilo anafanya nini ambacho asiyelijua hafanyi. Andaa maswali yako kwa lugha inayotumika kazini, la sivyo utapima Kiingereza cha fundi badala ya ufundi wake. Na usiridhike na darasa lako mwenyewe kwa kuwa tu liko karibu. Tafiti nyingi tulizo nazo zinawahusu wanafunzi wa vyuo, ilhali nyumba nyingi tunazoishi zilijengwa na watu ambao hakuna mtafiti aliyewahi kuwauliza walijifunza wapi. Kwao kuna kazi ya kutosha kwa yeyote atakayejiunga nasi.