Kano Ikiuma, Panga Lipumzike

Nilikata miwa Uriri hadi kiwiko kikakataa kuinua hata kikombe cha chai. Kumbe ni kano, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, imeumia kwa kurudia kazi ileile. Kwa kuogopa kukosa kibarua nikaendelea kukata, na miezi mitatu ikapotea.

Maumivu yakianza, pumzisha mkono, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Usikandwe kwa nguvu. Ibuprofeni hutuliza, ila mwenye vidonda vya tumbo amuulize daktari kwanza. Yakipungua, anza mazoezi mepesi ya kuimarisha mkono.

Lakini ukisikia kitu kimekatika ghafla, au pakavimba na homa ikaja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Miwa itasubiri.