Aliyeuza na Aliyeuzisha

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa akiingia soko la Sake hukwama kwenye kitenzi kimoja. Mama mwenye kikapu kitupu anamwambia, "Naenda kuuza maharagi," naye mgeni anayatafuta hayo maharagi asiyaone. Yako kwa mtu mwingine, upande wa pili wa njia, na huyu mama ndiye atakayeyalipia. Kwetu, kama ilivyo Bukavu na hata Lubumbashi, kuuza ni kununua. Anayetoa bidhaa na kupokea pesa, huyo anauzisha.

Wapo wanaoliona hili kuwa kosa la kusahihishwa kwa wino mwekundu, na daftari zangu za shule zilijaa wino huo. Lakini tulitazame umbo lake. Kula hutoa kulisha, kuona hutoa kuonyesha, kukopa hutoa kukopesha. Kiambishi kile kinaongeza mtu mmoja ndani ya tendo, yule anayelisababisha. Kwa hiyo mtu wa Sake akisema "nimeuzisha", umbo la neno lenyewe linasema amemfanya mwenzake anunue. Kiswahili sanifu kinatazama bidhaa ikibadilisha mkono, ila cha kwetu kinamtazama mtu akibadilisha nia.

Sikulijua hilo darasani. Nililijua nilipopewa zawadi ya muuzaji bora ambayo haikuwa yangu. Makala haya yanahusu namna timu ya wauzaji inavyotambua na kusherehekea mafanikio ya watu wake, jambo ambalo wenzetu wa kitivo cha uchumi wanalidai kuwa lao. Naona kwamba nusu yake ni letu, kwa sababu kabla ya kumpongeza mtu ni lazima uwe na kitenzi cha kile alichokifanya.

Sake iko kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma, pale barabara inapogawanyika. Tawi moja linapanda Mushaki kwenda Masisi, na mbele zaidi Walikale. Lingine linafuata Ziwa Kivu kwenda Minova na Bukavu. Viazi, maharagi, makala, jibini la Masisi, vyote vikishuka kutoka milimani hupita hapo, na mzigo mwingi hushuka juu ya chukudu. Goma imewajengea wasukuma chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Ni jambo zuri, ingawa sijawahi kumsikia mnunuzi wa viazi akimuuliza muuzaji ni nani aliyevishusha.

Likizo ndefu ya mwaka 2021 nilipata kazi katika biashara moja ndogo iliyouza taa za jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Tulikuwa watu sita. Watano tulikuwa vijana wa Goma, na wa sita alikuwa mama wa Sake mwenye umri wa kutuzaa sote. Kila mmoja alikuwa na namba yake ya muuzaji. Taa ikitoka, iliandikwa kwa simu chini ya namba ya yule aliyekuwa mezani mteja alipotoa malipo ya kwanza. Mwisho wa mwezi ofisi ilihesabu. Wa kwanza alipigiwa makofi, akapigwa picha, akapewa fulana na primu juu ya kamisheni yake.

Mwezi wa nane, wa kwanza nilikuwa mimi.

Nieleze jinsi ilivyotokea, maana ndani yake hamna wizi. Mtu wa mlimani hanunui taa siku anapoiona. Huja sokoni na viazi vyake, husimama, huuliza, huishika taa, huirudisha. Wa kumjibu alikuwa mama. Alimweleza huyu kwa Kihunde, akamgeukia yule kwa Kinyarwanda, akamalizia na wa tatu kwa Kiswahili, na wote aliwaambia jambo ambalo sisi vijana tulikuwa tumeagizwa tusilitangulize: mvua ikikaa siku tatu mfululizo, taa itafifia. Mteja alienda kushauriana na watu wa nyumbani. Juma lililofuata alirudi na pesa. Siku hiyo mama yuko Mushaki, anamwonyesha mteja wa zamani namna ya kufuta vumbi kwenye paneli, na mezani niko mimi. "Nataka ile taa ya yule mama," mteja anasema. Naandika. Dakika tatu zimetosha.

Kati ya taa 19 zilizoandikwa kwa namba yangu mwezi ule, nakumbuka wateja watano tu ambao mimi ndiye niliyewaeleza tangu mwanzo. Nilipoitwa mbele nilijua. Nilipokea fulana, nikatabasamu kwenye picha.

Kesho yake nilimkuta mama anapanga taa mezani. Aliuliza, "Balikupatia nini?" Nikamwonyesha. "Aa, iko muzuri. Itakusaidia ku masomo." Basi, akaendelea kupanga. Mtu asiyezoea lugha yetu atasikia hapo swali la kawaida, na labda lilikuwa la kawaida. Ila mimi nililisikia lile ba- kwa uzito. Ni "wao", wale waliokupa. Yeye alikuwa mmoja wa timu iliyonipigia makofi, kwa hesabu ya ofisi, lakini katika sentensi yake hakuwamo miongoni mwa waliotoa, wala ofisi haikumweka miongoni mwa waliopokea.

Niliporudi chuoni nilianza kuyachunguza maneno tunayoyatumia kupongezana, na nikaona kwamba takriban yote yanatazama njia iliyopitwa kuliko kinachopatikana mwishoni. Hongera, kwa matumizi yake ya zamani, ni neno la aliyevuka jaribu, kama kijana aliyetoka jandoni au mama aliyejifungua salama. Kitenzi chake, kuhongea, ni kuvuka kipindi cha hatari. Pongezi nayo ina kitenzi ambacho wengi wetu tumekisahau, kupongea, yaani kupata nafuu baada ya uchovu au ugonjwa. Kumpongeza mtu kulikuwa karibu na kumpumzisha: umechoka, nasi tumeuona uchovu wako.

Majirani zetu wanakwenda mbali zaidi. Murakoze ya Kinyarwanda, ambayo kila mtu wa Masisi anaijua hata kama si lugha ya kwao, inatokana na gukora, kufanya kazi. Anayeshukuru anasema "mmefanya kazi". Huko Uganda, Mganda akimpita mtu anayelima humwambia gyebale ko, na hangoji kuona amevuna magunia mangapi. Goma tumelichukua neno la Kifaransa tukalitia katika kazi hiyohiyo: "Kuraje, mama!" Tunamwambia mwenye mzigo kichwani, tukiwa hatujui anaupeleka wapi.

Karibu na hongera kuna hongo, na sidai kwamba ni mzizi mmoja. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ililipa hongo kwa watawala ili ipite katika nchi zao. Siku hizi neno limebaki na maana ya rushwa, lakini jambo lenyewe la kulipia njia halijatutoka. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ilichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, ikahesabu 798. Mama aliyepanda Mushaki kufuta vumbi kwenye paneli ya mteja alipita njia za namna hiyo, na safari yake haikuleta taa hata moja kwenye orodha. Ilileta jirani wa yule mteja, wiki mbili baadaye, kwenye meza yangu.

Kwa hiyo tatizo la sherehe ya ofisi halikuwa ubahili, maana fulana ilikuwa nzuri na primu ililipwa kwa wakati. Ilisherehekea kitenzi cha sanifu, kuuza, tendo la dakika tatu. Kuuzisha kulichukua majuma mawili na lugha tatu, na hakukuwa na mahali pa kukuandika.

Mfano wa namna nyingine ulikuwapo palepale sokoni, kwenye vikundi vya akiba ambavyo watu huviita AVEC. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Wanachama hukutana kila juma, hununua hisa, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kijitabu cha mwenyewe mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu. Kabla ya kufunga mkutano, jumla ya pesa husomwa kwa sauti na wanachama huishika kichwani, ili juma lijalo waitaje bila daftari. Mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya mwaka, hugawana, na siku hiyo huwa na chakula na ngoma. Wanachokisherehekea wamekishuhudia wote kuanzia muhuri wa kwanza. Mwenye mihuri michache wanajua ni kwa nini michache: mtoto aliugua, au mvua ilikata barabara. Hakuna anayeshangiliwa kwa mihuri ya mwenzake.

Nilimwendea mkuu wetu wa timu katikati ya mwezi wa tisa, nikamweleza habari ya zile taa. Hakuwa mtu mbaya, na swali aliloniuliza lilikuwa la haki. Maelezo utayahesabuje? Taa inahesabika, neno halihesabiki. Sikuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa mwenzetu mmoja, kijana mkimya ambaye hajawahi kusoma isimu: tumuulize mteja. Tukachukua daftari la kawaida. Kila aliyelipa aliulizwa swali moja, "Nani alikuonyesha taa hii?", na jina likaandikwa kando ya namba ya aliyepokea pesa.

Wateja walijua. Hawakusita. Wengine walitaja siku, wengine walitaja neno lenyewe lililowashawishi, na lile la mvua ya siku tatu lilirudi mara nyingi, kwa sababu mtu aliyewaambia ubaya wa taa ndiye waliyemwamini kuhusu uzuri wake.

Daftari lile lilikuwa na kasoro zake. Mmoja wetu alianza kuwanong'oneza wateja wataje jina lake. Kamisheni haikubadilika, iliendelea kufuata namba ya simu. Ofisi ilikubali kugawa primu tu, nusu kwa aliyeandika na nusu kwa aliyeonyesha. Tena hatukupata mstari wa kuandika kazi ya yule kijana mkimya, ambaye wiki nzima alikuwa akiwatembelea waliochelewa kulipa bila kumfokea mtu. Labda hiyo ingehitaji kitenzi kingine.

Lakini mkutano wa mwisho wa mwezi ulibadilika. Badala ya jina moja na namba moja, daftari lilisomwa mstari kwa mstari: fulani alionyeshwa na mama, akaandikiwa na fulani. Lilichosha kidogo, nakiri. Lilipofika katikati watu walianza kucheka, jina la mama likirudi kila baada ya mistari miwili, naye akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba zawadi ya mwezi wa nane ilikuwa yake. Fulana nilikuwa nimeifua na kuikunja. Aliikataa. Primu aliichukua.

Timu ile haipo tena. Februari 2024 vita vilipofika Sake, watu walishuka kwa maelfu kuelekea Goma, na meza zetu zilibaki huko. Katikati ya mwaka huohuo nilimkuta mama kambini Bulengo. Alikuwa na meza ya makala iliyopangwa kwa mafungu madogo, na binti mmoja wa miaka kama 15 akimweleza mnunuzi ni makala gani yanawaka polepole na yapi ni ya kupikia chai tu. Binti alinieleza nami. Nilichagua fungu, nikampa mama pesa, nikasema, "Aksanti, mama."

"Sema aksanti kwa uyu," akanijibu, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Njo aliuzisha."

Nikamgeukia binti nikamwambia. Tayari alikuwa ameanza kumweleza mwingine.