Barabara ya Bhutan na Jasho la Vibarua

Ndugu wafanyakazi, safari hii tunawapeleka mbali kidogo, kwenye milima ya Himalaya. Huko, kati ya India na Uchina, iko nchi ndogo ya Bhutan, ambayo watu wake hawafiki milioni moja. Wageni huisifu kwa misitu yake na majumba ya watawa. Sisi tutazungumza juu ya barabara, na juu ya watu walioichimba.

Mpaka mwaka 1960 Bhutan haikuwa na barabara ya gari. Mwaka 1958 Waziri Mkuu wa India, Jawaharlal Nehru, alipokwenda kuonana na Mfalme Jigme Dorji Wangchuck, ilimbidi kupita njia za milimani kwa siku kadhaa, kwa farasi na yaki. Ikiwa mkubwa alisafiri hivyo, mkulima je? Alikwenda kwa miguu, mzigo mgongoni. Tena alibebeshwa hata mizigo ya serikali bila malipo, ikahesabiwa kuwa ni kodi.

Mwaka 1961 Bhutan ilianza mpango wake wa kwanza wa miaka mitano. Fedha zilitoka India, na sehemu kubwa ilitumika kwa barabara. Kazi ilikabidhiwa kikosi cha India cha kujenga barabara za mpakani, kiitwacho Dantak.

Haya, tuipande barabara hiyo. Tunatoka Siliguri, India, na kupita tambarare za Dooars, mashamba ya chai pande zote mbili. Wachuma chai wengi wa huko ni wajukuu wa manamba walioletwa na Waingereza kutoka Chota Nagpur. Wenzetu wa mashambani wataielewa habari hiyo bila kuelezwa zaidi.

Tunaingia Bhutan katika mji wa Phuntsholing, meta 300 hivi juu ya bahari. Tangu hapo gari linapanda kona baada ya kona, mlima upande huu, korongo upande ule. Tunapita Chukha, penye mitambo ya umeme wa maji ya megawati 336 iliyoanza kazi miaka ya 1980. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme huo imeuzwa India. Bila barabara, mitambo ile isingefika. Hatimaye tunaingia Thimphu, mji mkuu, ulio juu kiasi cha meta 2,300. Safari iliyochukua karibu siku sita kwa miguu na nyumbu, sasa ni ya saa chache.

Lakini mlima haukubali kukatwa ukatulia. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua kubwa hunyesha, ardhi huporomoka, na njia hufungwa. Hapo ndipo tunapowaona vibarua, wanaume kwa wanawake, wengi wakiwa wametoka India na Nepal. Wanazoa matope, wanaponda kokoto kwa nyundo, wanachemsha lami. Kwa miaka mingi wengi wao wameishi kando ya barabara katika vibanda vya mabati na maturubai, pamoja na watoto wao. Njiani kuna vibao vingi vya kumwonya dereva asikimbize gari. Yule anayefanya kazi chini ya jabali lililolegea, nani humwonya?

Kikosi cha Dantak chenyewe kimetaja kuwa watu wake zaidi ya 1,200 wamekufa katika kazi hiyo. Wamejengewa mnara wa kumbukumbu Simtokha, karibu na Thimphu. Mashada ya maua ni heshima nzuri, lakini hayamlishi mjane.

Sheria ya Kazi ya Bhutan ya mwaka 2007 inaruhusu wafanyakazi wasiopungua 12 wa mahali pamoja kuunda chama chao. Hiyo ni hatua. Lakini kibarua mgeni, anayefanya kazi kwa kibali na kuhamishwa kila mlima unapoporomoka, atawakusanya wapi wenzake 11? Haki iliyoandikwa hudaiwa na waliokaa pamoja. Waliotawanywa huisikia tu.

Ndugu, kila chai yetu na kila bidhaa ya kiwanda chetu hupita barabarani kabla ya kufika sokoni. Tunapodai kofia ngumu, nyumba bora na fidia ya ajali, tuwahesabu na wale wanaoshika sururu na koleo njiani. Nao ni wafanyakazi kama sisi.