Jokofu la Milango Miwili: Kulipima, Kujua Ubovu Wake na Kulitunza



Katika miaka ya utoto wetu hapa Kilosa, maji ya baridi yalitoka katika mtungi uliowekwa penye kivuli, na nyama iliyobaki ilikaushwa juu ya moto ili ifike kesho. Siku hizi umeme umeingia katika nyumba nyingi, nalo jokofu, ambalo wengi huliita friji, si kitu cha ajabu tena, hapa kwetu wala kule Mikumi kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Tena twaona wenye jamaa nyingi wakinunua yale majokofu mapana ya milango miwili iliyo ubavu kwa ubavu: upande mmoja friza, na upande wa pili mahali pa maziwa, mboga na maji. Si vibaya mtu kuitafutia nyumba yake raha kwa mali ya halali. Lakini kitu kikubwa kinunuliwacho bila maarifa hugeuka mzigo. Twasema hivi kwa kuwa yalitufika sisi wenyewe.

Ilikuwa siku ya Idi ya kuchinja. Tulijaza friza nyama yetu na ya majirani wawili, ingali na joto, mifuko imesukumwa mpaka ukuta wa nyuma. Jioni ya siku ya pili nyama ilikuwa imeganda vizuri, bali upande wa pili maziwa yalikuwa yamechacha. Na katika upande huo ndimo ilimokuwa insulini ya mama yetu mzee, mgonjwa wa kisukari. Fundi wa kwanza alitazama dakika tano tu, akasema kompresa imekufa, akataja bei iliyotunyima usingizi. Wa pili, kijana tuliyemfundisha chuoni naye sasa ana kibanda chake cha ufundi Mikumi, aliuliza swali moja: “Mwalimu, friza inagandisha?” Tukamjibu ndiyo. Akasema, “Basi kompresa i hai. Tutazame njia ya hewa.” Akaiondoa mifuko ya nyuma, na kulipokucha ubaridi ulikuwa umerudi. Fedha za kompresa zilisalimika. Insulini ilibidi kununuliwa nyingine.

Sababu yake ni hii. Katika majokofu mengi ya namna hiyo, ubaridi hufanyizwa mahali pamoja tu, nyuma ya friza. Feni huusukuma, na sehemu yake hupita katika matundu kuingia upande wa pili. Ukiyaziba matundu kwa mifuko, friza huendelea kuganda, na upande wa pili hupata joto. Kama matundu ni wazi na hali ni ile ile, aghalabu feni imesimama, au barafu imeyafunika mabomba ya ubaridi kwa kuwa chombo cha kuiyeyusha kimeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi, lakini si kazi ya kubadili kompresa.

Sasa tuseme juu ya kupima, maana hapo ndipo makosa huanzia. Jokofu la namna hii aghalabu lina upana wa sentimeta 90 hivi, na uzito wake waweza kupita kilo 100. Milango mingi ya nyumba zetu ni myembamba kuliko hivyo. Basi chukua utepe, upime mlango wa mbele, kona ya ukumbi na mlango wa jikoni, kabla hujatoa fedha. Ongeza nafasi ya hewa nyuma, ubavuni na juu, sentimeta 5 au zaidi kama kitabu chake kisemavyo, na nafasi ya milango kufunguka sawasawa. Katika joto la Kilosa jokofu lililobanwa ukutani halipumui, nalo hula umeme usiku na mchana.

Pima na matumizi. Nyumba ya watu wanne wanunuao mboga kila asubuhi haihitaji lita 600; jokofu la lita 200 hadi 300 laweza kuwatosha. Nyumba ya watu kumi, au mama anayeuza maji ya matunda na barafu, hiyo ina hoja ya kutaka kubwa. Lakini kumbukeni kwamba ukubwa umegawanywa mara mbili kwa wima, kila upande ni mwembamba. Sinia la pilau haliingii, wala paja zima la mbuzi. Kwa mwenye nyama nyingi, friza ya sanduku pamoja na jokofu dogo huenda zikamfaa zaidi.

Tazameni pia kibandiko cha umeme. Kikisema uniti 500 kwa mwaka, gawanya kwa siku 365, utapata uniti 1 na theluthi hivi kwa siku. Kisha zidisha kwa bei unayolipa katika LUKU. Likiwa jokofu la mkononi, hesabu hiyo huongezeka kwa uchakavu. Lipelekwe likiwa wima, na likifika lipumzishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Kama lililazwa njiani, liache siku nzima.

Yako matatizo ambayo kila nyumba yaweza kuyachunguza yenyewe. Jokofu likizimika kabisa, jaribu kwanza taa au redio katika tundu lile lile la umeme. Likifanya kazi bila kupumzika, chunguza mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea au umechafuka. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na ukiwa umechanika ubadilishe. Maji yakituama chini ya droo za mboga, tundu la kutolea maji limeziba. Likitoa kishindo, huenda limekaa upande. Lakini likilia tiki-tiki kila dakika chache bila kupoa, zima, umwite fundi. Wala msikwangue barafu kwa kisu: majokofu mengi ya sasa yana gesi iitwayo R600a, ambayo hushika moto, na bomba likitobolewa hasara yake si ya fedha tu.

Ama kutunza, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila miezi 6, chomoa waya, ufagie vumbi katika mabomba ya joto yaliyo nyuma au chini kwa brashi laini. Walio kando ya barabara ya vumbi wafanye mapema zaidi. Weka upande wa chakula katika nyuzijoto 4 na friza katika 18 chini ya sifuri. Chakula cha moto kipoe kidogo kwanza, lakini kisikae nje zaidi ya saa 2. Nyama ikatwe mafungu madogo, iingizwe kidogo kidogo, isiguse ukuta wa nyuma. Na fungu la maskini na jirani litoke siku ile ile, kwani hilo halihitaji friza. Kugandisha haki ya mwenye njaa mpaka ioze ni israfu iliyo wazi.

Dawa kama insulini, ambayo haijafunguliwa, hukaa baina ya nyuzijoto 2 na 8. Isiwekwe mlangoni wala karibu na tundu la hewa, maana ikiganda haifai tena. Ikipata joto au kuganda, muulizeni mganga au mwenye duka la dawa, msikisie.

Umeme ukikatika, msifungue milango. Upande wa chakula huhifadhi ubaridi muda wa saa 4 hivi; friza iliyojaa saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukirudi kwa kishindo waweza kuunguza kompresa, basi nunueni friji gadi, kile chombo kinachongoja dakika kadhaa mpaka umeme utulie. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya kompresa. Na sisi watu wa Kilosa tunaokumbuka mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, tusisahau: jokofu lililoingiwa na maji lisiwashwe kabla fundi hajalikagua.

Vijana wetu, jifunzeni ufundi huu, na mkiufanya fanyeni kwa uaminifu. Yule kijana wa Mikumi angeweza kutuuzia kompresa nasi tungelipa. Alichukua nauli na ujira wa saa moja, akaenda zake. Mpaka leo watu wa mtaa wetu hawamwiti fundi mwingine.