Mbwa na Matezi ya Ngozi Yake

Mbwa akitoka majini hujitikisa mara mbili tatu, na manyoya yake hayakawii kukauka. Sababu yake ni mafuta. Penye mashina ya nywele mna matezi, yaani vifuko vidogo sana vitoavyo mafuta ya kulainisha ngozi. Yako na matezi mengine: ya jasho katika nyayo, na ya harufu chini ya mkia, ndiyo maana mbwa wawili wakikutana hunusana nyuma kwanza.

Mbwa akiisha kuzeeka, pengine chembe za tezi huongezeka pasipo kiasi, pakatokea uvimbe. Uvimbe wa matezi ya mafuta hufanana na chunjua. Hutisha macho, lakini kwa kawaida hukaa papo hapo ulipoota, wala haudhuru, isipokuwa mbwa akiukwaruza ukatoka damu. Mbwa dume mzee asiyehasiwa huota vinundu kuzunguka njia ya choo. Navyo, akihasiwa, mara nyingi hunywea, maana hukuzwa na kitu kitokacho katika mapumbu na kuchukuliwa na damu.

Wa kuogopwa ni uvimbe wa vile vifuko viwili vya harufu, vilivyo kulia na kushoto kwa njia ya choo. Huo huweza kuwa mdogo kama punje ya mbaazi, hata mwenye mbwa asiuone kamwe, kumbe chembe zake zimekwisha kusafiri. Hufuata mishipa myembamba ichukuayo maji ya mwili, zikaingia katika matezi yaliyo ndani ya kiuno, zikaota huko. Baadaye huweza kufika hata mapafuni. Uvimbe wa ndani pengine huupita ule wa kwanza kwa ukubwa, ukabana utumbo. Mbwa hujikamua bure, na watu hudhani amemeza mfupa. Wengine hunywa maji kupita desturi na kukojoa mara kwa mara, kwa kuwa uvimbe huo huzidisha madini ya chokaa katika damu, nayo huumiza figo.

Maradhi haya hayamwambukizi mbwa mwingine, wala mtoto achezaye naye.

Mganga wa wanyama hupapasa kwa kidole, hutoa chembe kwa sindano nyembamba, akazitazama kwa hadubini. Zikiwa mbaya, huukata uvimbe pamoja na matezi ya kiunoni yaliyovimba, na mbwa huweza kuishi mwaka na zaidi. Yule aliyekuwa na kiu huiacha. Nayo ikirudi, mganga hutafuta uvimbe tena.