Adabu za Wanne: Maisha ya Wachezaji wa Left 4 Dead

Novemba 2008 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mchezo wa video uitwao Left 4 Dead, na mwaka uliofuata ikatoa wa pili, Left 4 Dead 2. Kisa chenyewe ni chepesi. Maradhi yamewageuza watu kuwa mazombi, wamebaki wazima wanne, nao wanatafuta njia ya kutoka mjini kabla hawajaliwa. Lakini kisa hicho kimezaa jamii nzima. Watu ambao hawajawahi kuonana hata siku moja, na ambao pengine hawasikilizani lugha, wamejiwekea adabu, miiko na heshima zao, na wamezishika kwa miaka mingi.

Chimbuko la adabu hizo ni namna mchezo ulivyoundwa. Mbali na kundi la mazombi wa kawaida, wapo maadui maalumu. Hunter humrukia mtu na kumkandamiza chini. Smoker humvuta kwa ulimi mrefu kutoka juu ya paa. Ukishanaswa, huwezi kujinasua. Uwe hodari kiasi gani, uwe na bunduki ya aina gani, utabaki kupiga kelele mpaka mwenzako aje. Waliobuni mchezo huu, studio ya Turtle Rock, waliufunga uhai wa kila mmoja mikononi mwa wengine watatu, na hapo ndipo ilipoanzia sheria ya kwanza ya jamii hii: usimwache mwenzako nyuma.

Juu ya wote yuko mtawala asiyeonekana. Ni programu waliyoiita Mwongozaji, nayo huwatazama wachezaji muda wote. Wakiwa na nguvu na wanakwenda vizuri, huwaletea kundi kubwa. Wakishateseka vya kutosha, huwapa nafasi ya kupumua. Hubadilisha pia mahali pa maadui, dawa na silaha. Ndiyo maana mtu anaweza kuipita hospitali ya safari iitwayo No Mercy mara nyingi asiweze kuapa kuwa anajua kilichopo nyuma ya mlango. Raha ya mchezo imo humo, na karaha yake pia imo humo, kwa sababu Mwongozaji hana upendeleo. Dakika ya mwisho, mlango wa chumba cha usalama wanachokikimbilia ukiwa hatua chache tu mbele, anaweza kuwashushia Tank, lile jitu linalorusha mawe na kuwatawanya watu kama kuku.

Utu wa mchezaji hupimwa kwanza kwenye dawa. Uhai huanzia 100, na ukishuka chini ya 40 mtu huanza kuchechemea. Mkoba wa huduma ya kwanza hurudisha asilimia 80 ya uhai uliopotea, vidonge huongeza 50 lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Sasa mtazame mchezaji mwenye uhai wa 70 anayetembea na mwenzake anayechechemea. Muungwana hampi maneno. Humkabidhi vidonge vyake palepale, au humwambia asimame amfunge majeraha kwa mkoba wake mwenyewe. Mchoyo hujitibu mkwaruzo, kisha dakika mbili baadaye anaanguka na hakuna aliyebaki na nguvu ya kumwinua. Katika chumba cha usalama nako kuna utaratibu wake. Ukikuta mikoba mipya mezani, tumia uliokuja nao kwanza, kisha chukua mmoja tu. Anayechukua mapema na kutoka mbio bila kuangalia wenzake wamepata nini, hujulikana tabia yake hata kabla mlango haujafunguliwa.

Kutembea pia kuna adabu zake. Risasi yako humjeruhi mwenzako, na katika kiwango cha juu kabisa cha ugumu huweza kumwangusha haraka kuliko zombi wa kawaida. Kwa hiyo wa mbele huchuchumaa ili wa nyuma wapige juu ya kichwa chake. Hakuna kukatiza mbele ya mtu anayefyatua. Ukiona gari linalowakawaka taa zake, usilipige hata kwa bahati mbaya, maana king'ora chake kitaita kundi zima. Mtu mmoja anaporusha bomu la bomba, ile milio yake midogo ikawavuta mazombi, wengine hutulia na kuliacha lifanye kazi yake.

Mwiko mkubwa kuliko yote ni Witch. Ni mwanamke aliyeketi gizani akilia kwa kwikwi, na kilio chake husikika kabla hajaonekana. Hapo mazungumzo hukatika, tochi huzimwa, bunduki hunyamaza, na watu hupita pembeni wakihesabu hatua. Akishtuliwa humwandama aliyemshtua, na katika kiwango cha juu pigo lake moja ni kifo. Wapo mahodari wanaomsogelea na kummaliza kwa bunduki ya marisau, risasi ya kichwani kwa karibu sana. Mwenye mkono huo husifiwa. Lakini desturi inamtaka atangaze kwanza, na wenzake wakikataa, aache. Kuwatia watu wengine hatarini ili wewe upate sifa hakusameheki.

Hata kifo kina haki zake. Katika mchezo wa pamoja, aliyekufa huweza kurudi baada ya muda, akiwa amefungiwa ndani ya chumba kidogo mbele ya safari, akigonga na kuita afunguliwe. Kumfungulia ni wajibu. Kundi linalopita mlango huo huku sauti ikiwaita limepungukiwa na utu, na mara nyingi pia limepungukiwa na mtu wa nne atakayehitajika mbele.

Karaha ya mchezo huu, kwa sehemu kubwa, inatoka kwa binadamu. Yupo mkimbiaji, anayedhani safari ni mashindano ya mbio; Hunter humkuta peke yake, halafu akiwa chini huwatukana waliobaki kwa kuchelewa. Haraka haraka haina baraka, na hapa hailipi hata dakika tano. Yupo anayeondoka kwa hasira mara timu ikianguka, akiwaachia wenzake mchezaji wa kompyuta ambaye hawezi hata kurusha bomu. Mambo huwa makali zaidi pale timu mbili za watu wanne zinapopambana, moja ikiwa upande wa wazima na nyingine upande wa mazombi, kisha zikabadilishana. Hapo kosa la mtu mmoja hugharimu pointi za wote, na kura ya kumfukuza hupigwa upesi mno. Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki anayeungana na seva ya Ulaya kuna ucheleweshaji wa intaneti juu yake: anamwona Hunter amerukia wakati kwenye seva mambo yamekwisha, na lawama zinamwangukia yeye.

Pamoja na hayo watu hawaondoki, kwa sababu furaha ya mchezo huu ni ya kushirikiana. Katika safari ya Dark Carnival kuna sanamu ndogo ya bustani, Gnome Chompski, inayopatikana kwa kulenga shabaha kwenye uwanja wa maonyesho. Anayetaka kutimiza changamoto yake huibeba mpaka kwenye helikopta ya mwisho, na aliyeibeba hawezi kushika bunduki kwa wakati huohuo. Watu watatu wazima hukubali kumlinda mwenzao mwenye mikono isiyo na silaha, katikati ya mazombi, kwa ajili ya sanamu. Na katika The Sacrifice, safari iliyotolewa Oktoba 2010, jenereta ya daraja huzimika mwishoni na lazima mmoja ashuke kuiwasha, akijua hatarudi. Hakuna anayelazimishwa. Wachezaji huangaliana, kisha mmoja huruka chini. Mara nyingi ni yule mwenye uhai mdogo zaidi, na huaga kabla ya kuruka.

Watu walioishi hivyo hujiona wenye mchezo. Mwaka 2009, Valve ilipotangaza toleo la pili mapema kuliko walivyotarajia, makumi ya maelfu walijiunga kuususia, wakidai la kwanza lilikuwa halijatimiziwa ahadi. Kampuni iliwaalika viongozi wawili wa mgomo huo kwenye ofisi zake waujaribu mchezo mpya. Miaka ikapita, na Septemba 2020 mashabiki wenyewe, kwa ruhusa ya Valve, walitoa nyongeza kubwa iitwayo The Last Stand, bure kwa kila mwenye mchezo wa pili. Jamii iliyofunzwa kutoachana njiani haikuuacha mchezo wenyewe uzeeke peke yake.

Kilichobaki ni jambo moja, na nawaambia wakongwe wenzangu. Mgeni anayewasha tochi mbele ya Witch hana nia mbaya, hajafundishwa. Anayelipiga gari lenye king'ora hajui. Mkimfukuza kwa kura dakika ya kwanza, mmepoteza mtu wa nne na mmekiuka ile sheria mliyoapa kuishika. Mwelezeni asimame wapi, mpeni vidonge, mfungulieni mlango anapoita. Kila mmoja wetu aliyebobea leo, siku ya kwanza kuna mtu alirudi nyuma kumwinua.